Ng'ombe walitolewa, baba kamchukua mtoto: nianzie wapi?

Msomaji wetu wa Buhongwa, Mwanza, ameandika hivi:

"Shikamoo mwanasheria. Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza dagaa Mwaloni Kirumba. Niliolewa miaka kumi iliyopita kimila, ng'ombe wanane walitolewa, kanisani hatukwenda. Mume wangu ana mitumbwi miwili ya dagaa. Tangu mwaka juzi amehamia Ukerewe na anaishi na mwanamke mwingine huko. Likizo iliyopita alimchukua mtoto wetu wa kiume wa miaka 8 akamsalimie bibi yake Misungwi. Hajamrudisha, na nasikia ameshaandikishwa shule huko huko. Wa kike wa miaka 4 ninaye. Mume anasema watoto ni wa ukoo wake kwa kuwa alitoa ng'ombe, ndoa imeshakufa yenyewe kwa sababu tumetengana miaka miwili, na nyumba ataiuza kwa sababu karatasi ina jina lake. Wazee wa kwetu nao wanasema nikitaka talaka turudishe kwanza ng'ombe. Jumapili ijayo kuna kikao cha ukoo. Nianzie wapi?"

Marahaba, dada yangu. Anza na kijana. Suala lake ndilo lenye haraka, na ndilo watu wengi hulisukuma nyuma wakidhani lazima talaka itoke kwanza. Si lazima. Kwenye barua yako umeyafunga mambo matatu pamoja: ndoa, mali na watoto. Mumeo naye ameyafunga hivyo hivyo, na kwake inamfaa, maana ukiyaona ni kitu kimoja utakaa kimya ukisubiri ng'ombe wapatikane. Mahakama huyafungua. Ndoa ina njia yake, mali ina ushahidi wake, na mtoto ana sheria yake kabisa, Sheria ya Mtoto ya 2009, ambayo haiulizi kama wazazi wana talaka, wametengana au hawakuwahi kuoana.

Kwa sheria hiyo unaweza kwenda Mahakama ya Watoto ukaomba vitu viwili kwa pamoja: amri ya wewe kukaa na mtoto, na amri ya baba kutoa matunzo. Mahakama hii isikutishe kwa jina. Mara nyingi hukaa kwenye majengo ya mahakama zilezile unazozijua, mbele ya hakimu mkazi, wala haikai wazi kwa kila mpita njia kuja kusikiliza. Kabla ya kwenda huko, pitia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Simulia, mwombe amwite baba na bibi wa mtoto. Kuna mashauri mengi ya namna hii yanayomalizikia mezani pake, kwa makubaliano yaliyoandikwa na kusainiwa. Yasipomalizika, hakimu anaweza kumtaka afisa huyo huyo afanye uchunguzi na kuandika taarifa: mtoto analala wapi, anakula nini, nani anamwamsha kwenda shule. Taarifa hiyo ina uzito kuliko hotuba yoyote utakayotoa mahakamani.

Kwa nini nasema haraka? Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inasema mtoto wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni vyema akae na mama yake. Hiyo inakusaidia kwa binti yako wa miaka 4. Si kinga ya chuma, kwa sababu baba anaweza kuleta ushahidi wa kuipinga, lakini mzigo wa kuipinga ni wake. Kijana wako ameshavuka umri huo, kwa hiyo kwake hakuna anayeanza mbele ya mwenzake. Kipimo kinabaki kimoja, ustawi wake. Na humo ndani kuna jambo wazazi wengi hawalijui: hakimu hapendi kumhamishahamisha mtoto. Akikuta amekaa Misungwi mwaka mzima, ana marafiki, ana mwalimu anayemjua, anafaulu, atasita kumng'oa. Kila muhula kijana anaoumaliza kule, baba yake anajipatia ushahidi bila kutoa hata shilingi. Wewe unayekaa Buhongwa ukisubiri kikao cha ukoo unamsaidia.

Upande wako nao una nguvu, usijidharau. Baba yuko ziwani, makazi yake Ukerewe, na mtoto yuko kwa bibi Misungwi. Kwa hiyo swali halisi mbele ya hakimu si baba au mama. Ni mama au bibi. Sheria inampa haki ya kukaa na mtoto baba au mama kwanza. Ndugu mwingine hufikiriwa pale tu ambapo kuna sababu za pekee za kuwakosesha wazazi wote wawili. Kwa maelezo yako sizioni. Sheria ya Mtoto pia inataka kuangaliwa kama ni vyema ndugu wa tumbo moja kukaa pamoja, na binti uko naye. Inataka vilevile mtoto mwenyewe asikilizwe ikiwa ana umri wa kueleza mawazo yake. Mtoto wa miaka 8 anaweza kuulizwa, mara nyingi faragha, na hakimu mzoefu hutambua upesi sentensi ambayo mtoto amekaririshwa. Kwa hiyo usimkaririshe. Ukiongea naye kwenye simu muulize shule na mpira, habari za baba yake ziache.

Sasa tuje kwa ng'ombe. Mumeo hakuokota maneno yake njiani. Mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba ziliandikwa na kutangazwa na Serikali mwaka 1963, na zinamweka mtoto upande wa baba. Wazee wengi wa Usukumani wamekulia humo, na wakisema "watoto ni wa mwenye ng'ombe" wanasema kile walichokikuta. Lakini miaka 8 baadaye ikaja Sheria ya Ndoa, na sheria zetu zinasema wazi kwamba pale Sheria ya Ndoa ilipoweka utaratibu, mila na sheria za dini haziwezi kuutangua. Kwenye suala la nani akae na mtoto, mila ya jamii imo katika orodha ya mambo ambayo hakimu anayatazama, pamoja na matakwa ya wazazi na ya mtoto. Imo, lakini yote hayo yako chini ya ustawi wa mtoto. Ng'ombe wanane wanathibitisha kwamba uliolewa, na kwa hilo watakufaa sana huko mbele. Hawathibitishi kwamba mtoto analala vizuri Misungwi.

Kuna jambo moja ambalo nakuomba usilifanye, hata kama shangazi zako wanakusukuma: usiende kumvizia shuleni na bodaboda ukamchukua. Naelewa uchungu, na kwa kuwa hakuna amri ya mahakama mpaka sasa, polisi wanaweza wasikukamate. Lakini siku utakaposimama mbele ya hakimu, baba atasema "huyu ndiye aliyemkwapua mtoto darasani wenzake wakilia," na utakuwa umempa silaha ambayo hakuwa nayo. Nenda kamwone mtoto kwa uwazi. Mpe taarifa bibi kwa ujumbe wa simu kabla, nenda na sabuni na daftari za shule, msalimie mwalimu mkuu, mwachie namba yako kama mama mzazi. Wakikukatalia kumwona, umeshapata ushahidi, na ule ujumbe utunze.

Usisahau pia kwamba sheria hii ina ncha pande zote mbili. Mtoto ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi asiyeishi naye, ilimradi masomo hayaharibiki. Ukipata amri ya kukaa na wote wawili, baba yao atabaki na haki ya kuwaona, hata akija na yule mwanamke unayemchukia. Na hata akichelewa kuleta hela ya matunzo, huruhusiwi kumfungia mlango. Hela utamdai mahakamani. Sipendi kabisa tabia ya wazazi kuuziana dakika za mtoto, na mahakimu hawaipendi pia.

Kuhusu matunzo yenyewe. Wajibu wa kutunza mtoto kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa uko kwanza kwa baba, awe anakaa naye au hakai naye. Kiwango hakijapangwa kwenye kitabu. Hakimu anatazama kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaomtegemea baba, na gharama za maisha za pale mtoto anapoishi. Hapa ndipo wanawake wa mialoni, yaani masoko ya samaki ya ufukweni, hujikwaa. Wanasema "ana hela nyingi huyo" halafu hawaonyeshi chochote, na baba anasimama kusema ziwa limekauka. Wewe unaijua biashara ya dagaa kuliko hakimu. Unajua kwamba kazi inafanyika usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika. Basi liweke hivyo: eleza mtumbwi mmoja hutoa ndoo ngapi usiku mzuri, ndoo ilikuwa inauzwaje mwaloni miezi hii, wavuvi wanachukua sehemu gani, mafuta yanakula kiasi gani, kinachobaki ni nini. Omba kiwango ambacho mtu mwenye kipato cha giza na mbalamwezi anaweza kukilipa kila mwezi bila kukimbia. Amri ya shilingi nyingi isiyolipika ni karatasi tu. Ada na sare unaweza kuomba azilipe moja kwa moja shuleni. Matunzo hufuata mtoto hadi miaka 18, na mahakama inaweza kuyaendeleza akiwa bado masomoni.

Hayo ndiyo ya kijana na mdogo wake. Sasa ndoa.

Ndoa yenu haijafa. Hakuna ndoa Tanzania inayokufa kwa watu kukaa mbalimbali, iwe miaka miwili, iwe kumi. Huwa najiuliza hii "miaka miwili" watu wanaitoa wapi. Nadhani wanachanganya vifungu. Katika Sheria ya Ndoa miaka miwili ipo sehemu mbili kubwa: huruhusiwi kuomba talaka kabla ndoa haijafikisha miaka miwili bila ruhusa maalumu ya mahakama, na mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi huku jamii ikiwajua kama mume na mke huchukuliwa kuwa ni wanandoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Yote mawili hayahusu kufa kwa ndoa. Kutengana kwa hiari kukifikisha angalau miaka 3, kunakuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, nawe unaweza kuupeleka mahakamani pamoja na ushahidi mwingine. Anayeivunja ni mahakama. Mume hawezi kuivunja, mchungaji hawezi, sheikh hawezi, mwenyekiti wa mtaa hawezi, na kikao chenu cha Jumapili hakiwezi.

Huna haja ya kusubiri hiyo miaka 3. Ugoni, ukatili wa mwili au wa akili, kutojaliwa kwa makusudi, vyote vimo kwenye kifungu cha 107. Mahakama haitafuti kosa moja tu la kuandika ubaoni. Inaangalia picha nzima na kujiuliza kama hapa bado kuna ndoa ya kuokoa.

Kama hutaki talaka sasa, kuna kutengana kwa amri ya mahakama. Amri hiyo inakuondolea wajibu wa kuishi naye, inaruhusu kupanga habari za matunzo na mali, lakini mnabaki mume na mke na hakuna ruhusa ya kuolewa kwingine. Baadhi ya watu huichagua kwa sababu ya dini. Kwa hali yako sioni itakusaidia nini, ila uamuzi ni wako.

Kabla ya mahakama kuna mlango mmoja ambao huwezi kuuruka: Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Kifungu cha 101 kinakataza kupeleka maombi ya talaka mahakamani mpaka baraza limejaribu kuwapatanisha na kuthibitisha kwamba limeshindwa. Mahakama ya Rufani imeshatamka kwamba talaka iliyotolewa bila uthibitisho huo haina miguu. Kesi nzima hufutwa, hata kama mmeshahangaika miaka na mmeshagawana vyombo. Kwa hiyo hapa nenda taratibu.

Kwanza, baraza lipi? Watu hukimbilia kata wanayoishi wao. Sheria inasema ni baraza la kata anayoishi mume, labda awe anaishi nje ya Tanzania, au ninyi wote muwe wa jamii moja yenye baraza lake lililoundwa kisheria, kama yale ya kidini. Mumeo kahamia Ukerewe. Ikiwa kweli makazi yake ni kule, jiandae kupanda meli ya Nansio. Ni usumbufu, najua, lakini ni heri nauli ya meli kuliko kesi kufutwa baada ya miaka mitatu kwa kuwa ulikwenda baraza lisilohusika. Kama bado anahesabika mkazi wa Buhongwa, analala hapo akishuka kutoka ziwani na jina lake liko kwenye daftari la wakazi, eleza hivyo na uombe liandikwe.

Pili, wakili haruhusiwi kukusemea barazani. Utazungumza mwenyewe, au ndugu yako kwa utaratibu wa baraza. Usiogope. Wale ni watu wa kata, lugha ni yetu, na kinachotakiwa ni kueleza yaliyotokea.

Tatu, asipokuja. Ataitwa, na akikaidi kwa makusudi, sheria inakuruhusu kwenda mahakamani. Tunza nakala za wito, na baraza liandike kwamba aliitwa na hakufika. Ruhusa hiyo ipo pia kwa mwenye mume aliyetoroka asijulikane aliko, aliye nje ya nchi asiyetarajiwa kurudi ndani ya miezi 6, au aliyefungwa miaka 5 au zaidi.

Nne, soma karatasi kabla hujaondoka nayo. Hati ya baraza inatakiwa iseme kwamba baraza lilisikiliza na limeshindwa kuwapatanisha, pamoja na kile lilichokiona. Ziko kata ambazo kwa nia njema huandika "tumevunja ndoa hii, mama achukue kitanda na kabati." Baraza halina mamlaka ya kutoa talaka wala kugawa mali, na karatasi ya namna hiyo inaweza kukuponza. Mwombe katibu aandike upya kwenye fomu yake. Ukishaipata, usiiweke kabatini ukasahau, kwa sababu maombi ya talaka yanapaswa kufunguliwa ndani ya miezi 6 tangu hati itolewe.

Ndoa yenu ikiwa ya kimila, Mahakama ya Mwanzo inatosha. Kukosa cheti cha ndoa peke yake hakuifuti ndoa. Wazee waliopokea ng'ombe na majirani waliowajua kama mume na mke ndio mashahidi wako. Hapa ng'ombe wanakufaa, kama nilivyosema.

Na je, warudishwe kwanza? Hapana. Soma orodha yote ya mambo mahakama inayoyatazama kabla ya kuvunja ndoa, hutakuta ng'ombe. Sheria hata inasema kutofuata mila ya mahari hakubatilishi ndoa. Sasa ng'ombe watazuiaje talaka? Wazee wa kwenu wana hofu ya kudaiwa, na hofu hiyo ni ya kweli kwao, maana huenda wanne wameshaozeshea kaka yako. Waambie kwa heshima kwamba kama upande wa pili una madai ya mahari, wayapeleke kama madai yao wenyewe. Hayafungi mlango wako.

Mali. Hapa mumeo anategemea usijue kifungu cha 59. Nyumba ya ndoa, yaani ile mnayoishi au mliyoishi kama familia, haiwezi kuuzwa, kuwekwa rehani, kupangishwa wala kutolewa zawadi bila ridhaa ya mwenza, ndoa ikiwa bado hai, hata kama karatasi ina jina la mmoja. Kama kiwanja kimepimwa na kina hati, wewe kama mke unaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati. Kama ni karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa, kama zilivyo nyumba nyingi za Buhongwa, andika barua wiki hii kwa mwenyekiti wa mtaa na nakala kwa mtendaji, ukisema hiyo ni nyumba ya ndoa na hujaridhia iuzwe. Gonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Wanunuzi wengi hupita kwa mwenyekiti kuuliza, na mwenye akili akisikia kuna barua ya mke hutafuta nyumba nyingine. Akianza kuleta wateja, omba mahakamani amri ya zuio. Na usihame. Ukitoka kwa hasira kwenda kwa dada yako Igoma, utakuta kufuli limebadilishwa.

Mgawanyo wenyewe ni suala jingine na unafanyika mahakama ikishatoa talaka au amri ya kutengana. Jina kwenye karatasi ni mwanzo wa hoja tu. Sheria inachukulia kwamba mali ni ya aliyeandikwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kifungu cha 114 kinakupa njia ya kuthibitisha: mlichuma pamoja, kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango. Watu hukumbuka sehemu hiyo na kusahau nyingine: Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na mgawo, kwa sababu mahakama iliona alizitapanya fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya kuendeleza familia. Kwa hiyo kifungu kinasema mahakama ielekee kwenye usawa, lakini nusu kwa nusu haiji yenyewe. Inakuja kwa ushahidi.

Wewe una ushahidi kuliko unavyofikiri. Lile daftari lako la Mwaloni, lenye magunia uliyonunua na uliyouza, ni nyaraka. Ujumbe wa simu wa hela ulizomtumia akanunue injini ni nyaraka. Usiufute, na ukibadili simu nenda kwa mtandao wako ukaombe taarifa ya miamala. Kitabu cha kikoba kinachoonyesha ulikopa mwezi uleule mtumbwi wa pili uliposhushwa majini ni dhahabu. Kumbuka deni lililokopwa kwa faida ya wote nalo huhesabiwa, kwa hiyo usilifiche. Fundi aliyejenga, muuza tofali, jirani aliyekuona ukibeba maji ya zege, hao waandike majina mapema.

Mitumbwi ina mtego wake. Chombo cha uvuvi kinatakiwa kusajiliwa na kuwa na leseni, na ofisi ya uvuvi ya wilaya ina jina la mwenye chombo. Viongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo wake, nao wanajua nani anapokea hesabu. Wenye vyombo wakinusa talaka hukimbilia kubadili jina kwenda kwa mdogo wao. Fuatilia sasa, kabla hajapelekewa wito. Piga picha mitumbwi ikiwa mchangani, namba ubavuni zionekane, pamoja na injini. Kama mtumbwi mmoja alikuwa nao kabla hajakuoa, huo ni wake, isipokuwa uonyeshe kwamba uliendelezwa kwa kiasi kikubwa kwa nguvu zenu ndani ya ndoa, mfano ulitengenezwa upya ubao kwa ubao na kuwekewa injini.

Kuhusu yule mwanamke nitasema kidogo. Ndoa ya kimila huchukuliwa kuwa inaruhusu mke zaidi ya mmoja mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwa hiyo kama amemuoa kwa utaratibu, kelele za "mke mwenza haramu" hazitakufikisha mbali. Kama hajamuoa, ni ugoni, na sheria inakuruhusu hata kumdai huyo mwanamke fidia. Binafsi sikushauri. Utatumia nauli ya Nansio kumfukuzia mtu ambaye huenda hana hata kuku, wakati kijana wako anamaliza muhula mwingine Misungwi.

Pesa za wakili kama huna, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imeweka watoa huduma waliosajiliwa wanaosaidia bure wasio na uwezo, na Mwanza wapo. Shirika la Kivulini ni mojawapo lenye historia ndefu kwenye haki za wanawake na wasichana kanda ya ziwa. Afisa ustawi au ofisi ya halmashauri itakuonyesha wengine. Hujaandika kama kuna kipigo. Kama kipo, usianzie kwenye baraza, anzia Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Na kikao cha Jumapili? Nenda. Kutokwenda kutasemwa ni dharau, na wazee hao hao unaweza kuwahitaji kama mashahidi wa ndoa. Nenda na mtu mzima unayemwamini, kaka au mjomba, mwenye uwezo wa kukaa kimya. Sikiliza. Eleza kwamba unataka mtoto arudi shule yake na kwamba mengine utayapeleka barazani. Wakikubaliana mtoto arudishwe, liandikwe na tarehe ya kurudishwa, baba asaini, wewe usaini, na nakala ipelekwe kwa afisa ustawi siku ya Jumatatu. Ila muhtasari ukiwa na mstari unaosema mtoto atabaki kwa bibi hadi ng'ombe warudi, au kwamba umeridhia nyumba iuzwe mgawane, rudisha kalamu mezani. Sema tu, "Wazee wangu, hili naomba nikalisome nyumbani," na uondoke na nakala bila saini yako.